Ufito Mzuri Ashike Asiyejua

Wajukuu zangu,

Nimemwomba mama yenu awasomee barua hii kwa sauti mkiwa mmekaa pamoja, maana mkubwa wenu anajua kusoma Kiswahili lakini huruka mistari, na mdogo wenu husoma majina ya vyakula tu.

Vijisenti vyangu na ile nyumba ya Vanga vina njia yake. Sheria ya mirathi ya Kiislamu ilikwisha kuvigawa kabla mimi sijazaliwa. Ninyi watoto wa binti yangu hammo katika mirathi hiyo, na hapo ndipo ninapopata upenyo: mrithi haachiwi wasia, lakini asiyerithi huachiwa, mradi isizidi theluthi ya mali. Vyombo vyangu vya kuvulia havifiki theluthi ya theluthi, ingawa marehemu bibi yenu, kila alipookota risiti mfukoni mwangu, alikuwa na hesabu yake.

Wasia wenyewe ni huu. Kila mwendapo kuvua, ufito ulio bora kuliko zote ashike yule asiyejua. Anayejua achukue mbovu.

Hapa Sydney nimeona watu wakifanya kinyume chake. Mtu hununua ufito mpya kwa pesa nyingi, kisha ule wa zamani, wenye pete zilizolika na mshipi uliokakamaa, humpa mwanawe ajifunzie. Mtoto anarusha, mshipi unamwangukia mabegani. Anarusha tena, ndoana inanasa shati. Haupiti muda anauliza simu iko wapi, na baba anawaambia wenziwe kwamba watoto wa siku hizi hawana subira. Subira gani? Amepewa chombo ambacho baba mwenyewe kimemshinda, ndiyo maana akanunua kingine.

Nawaeleza sababu, msije mkadhani ni ukarimu wa mdomo tu. Katika mshipi wa mkono, ule niliokulia nao, chubwi ndiyo inayobeba kazi: unaizungusha, unaiachia, nayo inavuta mshipi hadi chini. Huku tunavua kwa nzi bandia, naye hana uzito wa maana. Ni ndoana, uzi na manyoya. Ukimtupa kwa mkono anaanguka miguuni pako. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ndiyo maana umetengenezwa mnene na kupewa namba kwa uzito wake. Mshipi wa namba sita, futi 30 zake za mwanzo zina gramu kama 10; wa namba nane una karibu 14. Uzito huo mdogo ndio unaoukunja ufito nyuma yako, na ufito ukijinyoosha unausukuma mshipi mbele. Yote yamo katika kungoja: mshipi unyooke wote nyuma ndipo mkono uende mbele. Mkono uliozoea huisikia ile mikunjo hata katika ufito mgumu kama mpini wa jembe. Mkono mgeni hausikii kitu. Unahitaji ufito utakaouambia "sasa", tena kwa sauti.

Kwa hiyo ule wa futi tisa, wa namba sita, wenye vipande vinne, si wa mmoja wenu. Ni wa mgeni. Rafiki wa shule, binamu aliyefika juzi kutoka Mombasa, mchumba mkija kuwa naye, huyo ndiye mwenye nao siku hiyo. Siku isiyo na mgeni, ni wa mdogo wenu. Akija kuwashinda nyote, atashuka naye kwenye mbovu kama wengine.

Na mkiwa na pesa kidogo, msinunue ufito; nunueni mshipi. Wauzaji hawapendi kusema hivyo. Ufito wa kadiri wenye mshipi mpya unavua kuliko ufito wa kifahari wenye mshipi uliopasuka. Mshipi huuliwa na vitu viwili ambavyo hapa hatuviepuki, yaani krimu ya jua na dawa ya mbu. Pakeni, kisha kila mtu aoshe mikono kabla hajaugusa. Mkitoka maji ya chumvi, rili na pete za ufito zioshwe kwa maji baridi jioni ileile, hata kama mmechoka. Chumvi hailali.

Mimi nzi nilimjua mezani kabla ya kumjua majini. Nilitoka Vanga kijana nikaenda Nairobi kutafuta kazi, nikapata ya kufunga nzi. Wavuvi wengi wa Uingereza na Marekani hawajui kwamba nzi waliochomekwa kwenye kofia zao wametoka katika mikono ya Wakenya. Kazi hiyo ipo kwetu tangu ukoloni: walowezi walitia trauti katika mito ya Aberdare mwaka 1905, na trauti akishakuwapo, nzi anatakiwa. Tulikaa kwenye mabenchi, kila mtu na jiliwa lake, wengi wakiwa kina mama ambao vidole vyao vilikwenda huku midomo ikisimulia harusi ya juzi. Ndoana, mizunguko ya uzi, unyoya wa shingo ya jogoo, fundo, tone la vanishi. Tulilipwa kwa dazeni, na katika dazeni kila nzi alitakiwa afanane na mwenziwe, mkia urefu uleule na kichwa unene uleule. Msimamizi aliwamwaga kwenye kiganja na kumtoa mmoja aliyepotoka bila hata kuvaa miwani. Tuliwajua kwa majina, wa mito ya Scotland na wa mito ya Montana. Kuvua nao, hapana. Bei ya ufito mmoja ilikuwa ya mtu mwingine.

Nilipowafuata huku ndipo baba yenu, mkwe wangu, alinichukua hadi mto Nepean, kule Penrith, akanipa ufito wake mzuri siku ya kwanza, yeye akashika wa dukani wa bei ya chini. Sikuelewa siku ile. Nilidhani ni adabu ya mkwe. Ninyi mmekulia huku hamjui: kwetu mkwe na mkwe hukaa mbali kwa heshima, salamu fupi, macho chini. Majini heshima haikupungua, ila maneno yaliongezeka. Mambo niliyojua kuhusu baba yenu, kwao kulikuwaje, baba yake alimleaje, niliyasikia tukiwa tumesimama maji magotini, kila mmoja akitazama mshipi wake.

Penrith pazuri kwa kuanzia. Samaki wa pale ni basi wa Australia, mwenyeji wa mito hii, anayeshuka majira ya baridi hadi maji yanayochanganyika na chumvi ili kutaga. Wakati huo muacheni. Wakati wake ni jioni za kiangazi, nyenje wanapolia mpaka masikio yanauma, wengine wakianguka mtoni. Nimewafunga nyenje wa sponji nyeusi, hawazami. Warusheni karibu na ukingo, chini ya matawi, halafu msifanye lolote. Mdogo wenu kazi hiyo ya kutofanya lolote itamshinda, mwacheni avute. Wakati mwingine samaki naye hana subira.

Sasa bandari. Mwaka 2006 serikali ya New South Wales ilisimamisha uvuvi wa biashara katika Bandari ya Sydney kwa sababu ya daioksini, sumu iliyotoka kwenye viwanda vya kemikali vya Homebush Bay ikalala kwenye tope. Ushauri uliotolewa ni huu: aliyevuliwa magharibi ya daraja kuu asiliwe kabisa, wa mashariki, mtu asizidi gramu 150 kwa mwezi. Gramu 150 ni kipande kimoja cha kwenye sahani. Viwanda vimeondoka, majumba ya ghorofa yamejengwa, tope lingali pale.

Ng'ambo hiyohiyo ya magharibi, karibu kabisa na daraja, kuna Barangaroo, mnakokwenda kula aiskrimu. Barangaroo alikuwa mwanamke wa kabila la Cammeraygal, aliyekuwa hai Waingereza walipotia nanga mwaka 1788. Katika bandari hii wanaume walivua kwa mkuki, na wanawake ndio waliokuwa na mshipi. Walikaa kwenye mitumbwi ya magome ya miti, nyuzi wamezisokota wenyewe, ndoana wamezichonga kwa gamba la konokono wa baharini, moto mdogo ukiwaka juu ya udongo katikati ya mtumbwi na mtoto mchanga akiwa mapajani. Nilipolisikia jambo hilo nilijiona nimefika kwa watu ninaowafahamu. Basi msikubali mtu akawaambia kwamba kuvua pamoja na watoto kumeletwa hapa na wenye maduka ya vifaa. Na leo, mahali palipopewa jina la mvuvi yule, samaki haliwi. Mkivua pale, vueni kwa ndoana ambayo kijino chake kimelazwa kwa koleo, mlowanishe mikono, mumrudishe upesi.

Kuhusu huku kuvua na kurudisha, mzee mwenzangu msikitini alinikaripia. Alisema kiumbe hakiteswi kwa mchezo. Ama unakula, ama unamwacha. Hoja yake ina uzito, sijaishinda mpaka leo. Ninachofanya ni hiki: nikienda mahali pa kula, nakula, na nikishapata cha sufuria moja nafunga mizigo. Mahali pasipo pa kula naenda mara chache, na samaki wawili watatu wananitosha. Ninyi mtafute jibu lenu, ila msiache kulitafuta.

Pa kula papo. Ufukwe wa Narrabeen hupita makundi ya samaki ambaye walowezi walimwita samoni, naye si samoni hata kidogo. Mfano mzuri wa mtu kubandika jina la kwao kwenye kitu asichokijua. Watu huku humdharau, wanasema nyama yake nzito. Mchinjeni damu itoke palepale, mumweke kwenye barafu, kisha mama yenu amfanye katlesi kwa pilipili manga na giligilani. Hao wanaomdharau watakuja na sahani. Kwa huyo tumieni ufito wa namba nane na nzi mwenye macho ya risasi. Vipimo vya chini vinavyoruhusiwa mvijue kwa moyo: brimu sentimita 25, teila 30, flathedi wa aina ya dusky 36, na kingifishi mwenye mkia wa njano, jamaa ya kolekole wetu, 65. Mkubwa wenu akitimiza miaka 18 alipe ada ya leseni kabla hajatia ndoana majini. Fedha hizo zina kazi: ndizo zilizotumika mwaka 2002 kuwalipa wavuvi wa biashara watoke Botany Bay, ikabaki kwa watu wa mshipi mmoja mmoja kama sisi.

Trauti wa milima ya Snowy mkamtafute mkiwa na gari zuri na siku mbili. Babu zake walifika Tasmania mwaka 1864, mayai ndani ya barafu kutoka Uingereza, na tangu hapo amekula visamaki wenyeji wa vijito vile hadi vingine kukaribia kwisha. Huyo muleni bila kusita, msimu ukiwa umefunguliwa.

Haya yanayofuata si wasia, ni amri. Msivue kwenye miamba inayotazama bahari kuu.

Nawajua, mtasema babu ni mtu wa pwani, anaogopa nini? Naogopa kwa sababu ni mtu wa pwani. Kwetu mwamba wa matumbawe uko mbele, wimbi la bahari kuu linavunjikia huko, na maji ya ndani hupanda na kushuka kwa zamu. Ukiujua mwezi umeyajua maji. Unguja bamvua huinua bahari karibu mita nne. Sydney hazizidi mbili kwa kawaida, na mtu wa kwetu akiona hivyo husema bahari hii ni ya watoto. Hapa hakuna kizuizi. Dhoruba inavuma kusini mbali, msipoiona, na wimbi lake linafika siku ya jua na anga safi. Maji yanatulia, unasogea hatua moja mbele kwa sababu mwamba umekauka, ndipo linakuja lile kubwa. Wengi wanaokufa hivyo katika jimbo hili walizaliwa ng'ambo, watu wanaojua bahari ya kwao. Ipo sheria ya mwaka 2016 ya kuvaa jaketi la kuokolea, na eneo la Randwick lilikuwa la kwanza kuifuata. Jaketi ni jema kwa anayelazimika kwenda. Ninyi halazimiki hata mmoja.

Imebaki migawo midogo. Jiliwa langu ni la wa kati, kwa kuwa vidole vyake vimetulia. Asiuze nzi kabla hajaweza kufunga dazeni inayofanana. Visanduku vya nzi viko juu ya kabati la gereji, nimetia karafuu ndani kwa ajili ya nondo, zibadilishwe zikiisha harufu. Ufito mbovu, ule wenye gundi kwenye mpini, ni wa baba yenu, naye anajua kwa nini.

Mdogo wenu ni wa mkono wa kushoto, na rili ya ufito wa namba sita imefungwa kwa mtu wa kulia. Baba yenu autoe mshipi wote, ageuze breki ya ndani, kisha auzungushe upya kutoka upande wa pili. Aifanye kazi hiyo kabla hamjakwenda Penrith, si mkiwa tayari mtoni.

Babu yenu