Mtoto Akichelewa Shule, Tumlaumu Nani?

Wasee, kila shule zikifunguliwa kuna vita moja huzuka kwa grupu za wazazi hapa Nakuru. Sio ya karo, hiyo wazazi wameizoea. Ni ya usafiri. Vani imeongeza bei. Dereva amebadilisha njia, sasa mtoto anashushwa mbali na geti. Kondaa amekataa watoto wa yunifomu asubuhi kwa sababu anataka abiria wa kulipa nauli nzima.

Mimi sina mtoto lakini niko kwa moja ya hizo grupu. Mathe anauza mboga, mikono yake haina nafasi ya simu, kwa hivyo mimi ndiye humsomea na kumwandikia majibu. Nikihesabu, nimeandika malalamiko mengi ya usafiri kuliko insha zote nilizoandika chuo kabla sijaacha.

Sistangu mdogo yuko Gredi 8. Tunaishi upande wa Free Area, shule yake iko ng'ambo ya pili ya mji. Shule haina basi, kwa hivyo wazazi kadhaa walikuwa wamechanga wakakodi vani. Muhula huu mwenye vani akaongeza bei, nusu ya wazazi wakajitoa, waliobaki wakashindwa kujaza pengo. Vani ikaisha hivyo tu. Sasa sistangu anapanda mat mbili: moja mpaka tao, nyingine kutoka tao. Anatoka nyumbani giza, anarudi giza. Mvua ikinyesha nauli inapanda, na pesa aliyopewa asubuhi haitoshi ya kurudi. Kuna siku alitembea na wenzake kutoka tao mpaka nyumbani. Mathe alikaa mlangoni saa nzima bila kusema kitu.

Kesho yake akaniambia, "Wewe kijana, waandikie hao watu wa kaunti." Nikauliza, wagani? Hapo ndipo nilijua hatujui. Shuleni wanasema kazi yao inaanzia getini. Ofisi moja ikanituma ofisi nyingine, na hiyo nyingine ikanirudisha kwa ya kwanza.

Nikaamua kusoma Katiba ya 2010, na sio kwa sababu ya mtihani. Jedwali la Nne linagawa kazi. Shule za msingi na za upili ni za serikali ya kitaifa. Kaunti imepewa chekechea. Lakini barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani ni kazi ya kaunti. Leseni na usalama wa magari viko kwa NTSA. Barabara kuu ya A8, ile watoto wa Free Area, Pipeline na Lanet huvuka, iko chini ya KeNHA. Kwa hivyo mtoto mmoja, safari moja, hupita mikononi mwa wakubwa wanne kabla kengele ilie, na hakuna hata mmoja aliyeandikiwa kwamba kumfikisha ni kazi yake.

Sheria zipo, lakini zinaangalia gari. Basi la shule lazima lipakwe rangi ya manjano. Boda inaruhusiwa kubeba abiria mmoja tu. Simama kando ya barabara yoyote Kaptembwo au Rhonda saa kumi na mbili na nusu asubuhi uhesabu boda zenye watoto watatu. Askari anaona, mzazi anaona, mwalimu anaona. Wote wananyamaza kwa sababu njia nyingine hawana.

Wenzetu wamelijibu hili swali. Uingereza, sheria inalazimisha halmashauri kumsafirisha mtoto bure kama shule inayomfaa iliyo karibu zaidi iko zaidi ya maili 2 kwa walio chini ya miaka 8, au maili 3 kwa wakubwa wao mpaka miaka 16. Wazazi huko bado wanalalamika sana, lakini wanajua wanamlalamikia nani, na wana haki ya kukata rufaa. Hata Tanzania hapa jirani, daladala zina nauli ya mwanafunzi iliyowekwa na serikali. Makondakta huwakwepa wanafunzi, ndiyo, lakini bei inajulikana. Kwetu bei inajulikana ukishakaa kwa kiti.

Kuna msee ataniambia, "Si ampeleke shule ya karibu?" Boss, Januari 2026 watoto wa kwanza wa Gredi 10 waliingia shule za sekondari pevu, na ni Wizara iliyowapangia nafasi. Si kila umbali ni chaguo la mzazi. Na ile kapitesheni ya shilingi 22,244 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa haimlipi kondaa wa asubuhi.

Kaunti ina nguvu kuliko inavyojifanya. Yenyewe ndiyo huamua steji iwe wapi. Mwaka 2020 wakati wa korona, matatu zilihamishwa kutoka katikati ya mji, na wote tuliona vile uamuzi mmoja unaweza kubadilisha miguu ya mji mzima. Kwa mtu mzima ni kutembea dakika kumi zaidi. Kwa mtoto wa Gredi 4 mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake, ni barabara mbili zaidi za kuvuka bila mtu.

Kwa hivyo grupu ya mathe imeacha kutuma emoji za kulia. Tumeandika ombi kwa bunge la kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki hiyo, na Kifungu cha 196 cha Katiba kinalazimisha bunge hilo kuhusisha wananchi. Tunaomba mambo matatu: mahali pa matatu kushusha wanafunzi karibu na shule asubuhi na jioni, sacco zinazotumia steji za kaunti zikubali nauli moja ya mwanafunzi, ibandikwe mlangoni, na vivuko vyenye msimamizi mbele ya shule zilizo kando ya barabara za kaunti.

Tuko na sahihi 61. Nyingi ni za wamama wa sokoni, na chache ni za madereva wa mat, kwa sababu hao pia wana watoto. Nakuru ina wadi 55 na kila wadi ina MCA wake. Wewe ambaye ulimaliza shule juzi na bado unakumbuka kusukumwa mlangoni na kondaa, umefika miaka 18, sahihi yako ina uzito kama ya mathe. Tafuta wazazi wa mtaa wako, uwasaidie kuandika. Wengi wao hawakosi hoja, wanakosa tu mtu wa kushika kalamu.