Kutoka Ngombezi Kupanda Sakharani

Ukikaa Ngombezi, milima ya Usambara iko mbele ya macho yako kila siku. Asubuhi za Julai hujifunika mawingu, mchana ikajitokeza juu ya mistari ya mkonge. Wengi wetu tumekua tukiitazama, na wengine tunazeeka tukiitazama, bila kuipanda isipokuwa kuna msiba au mtu anafuata viazi vya bei nafuu. Mwaka huu niliamua kupanda kwa kutaka tu kuiona, tena katikati ya kipupwe, wakati ambao sisi watu wa bondeni huukwepa. Nilitaka kufika Sakharani kwa watawa Wabenedikto, kisha Lushoto.

Bodaboda ilinifikisha stendi ya Korogwe, nikapata kosta ya Lushoto. Barabara hadi Mombo ni tambarare, haina mengi. Mombo ndipo safari inapoanza. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1905, na Wajerumani waliokuwa wakienda Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, walishuka kwenye treni wakaanza kukwea. Kutoka Mombo ni kilomita zisizozidi thelathini na kitu, lakini unaacha joto la mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari ukafika mita 1,400. Kona zimechongwa ubavuni mwa jabali. Dereva anapiga honi kabla ya kila kona, na chini kabisa mto Soni unang'aa katikati ya mawe. Masikio yaliziba, yakazibuka. Kina mama waliopandia njiani walikuwa wamejitanda vitenge viwili viwili, na mmoja alinitazama shati langu la mikono mifupi akasema, "Mwanangu, huko juu utaomba moto."

Soni nilisimama kutazama maporomoko. Maji hayo ndiyo yanayoteremka kumwagilia mashamba ya mpunga ya Mombo, na mwishowe huingia mto Pangani, ambao sisi wa Korogwe tunaishi kandokando yake. Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mtu wa bondeni anapaswa kuona maji yake yanakotoka angalau mara moja maishani.

Njia ya kwenda Sakharani inapita kwenye migomba na kahawa, kisha ghafla unaingia kwenye miti mirefu iliyopandwa kwa mpangilio, hewa inabadilika na kunukia majani mabichi. Hapa palikuwa shamba la Tom von Prince, afisa wa Kijerumani ambaye askari wake walimpachika jina la Sakarani. Aliuawa katika mapigano ya Tanga mwezi Novemba 1914. Shamba baadaye likawa la Wabenedikto, nyumba iliyo chini ya abasia ya Ndanda, ile iliyoanzishwa kusini mwaka 1906. Afisa aliyekuja na bunduki amekwenda; limebaki jina, na chini ya jina hilo watu wanapanda miti.

Bruda mmoja mzee alinikuta kwenye ngazi za nyumba ya wageni.

"Shikamoo, Bruda."

"Marahaba. Umetoka wapi na baridi hii?"

Nilipomwambia Ngombezi alicheka kwa furaha, akaniambia wageni wa kutoka Ulaya anawaona, wa Korogwe ni nadra. Mimi ni Mwislamu, naye alilijua hilo mara nilipojitaja jina, akanionyesha chumba tulivu cha kuswalia kabla hata sijauliza. Kisha akanipeleka kwenye makadamia. Ganda lake ni gumu kupita la karanga yoyote niijuayo. Alichukua mbegu moja, akaiweka kwenye kishimo cha jiwe, akaigonga kwa nyundo pigo moja lililopimwa, ikapasuka katikati. Ndani mlikuwa na kiini cheupe, cha duara, kizima bila mkwaruzo. Mimi nilipojaribu, Bruda alinishika kifundo cha mkono: "Usitumie nguvu. Tafuta mshono wake."

Kengele ililia, akaniacha na nyundo, akaenda kusali. Hivyo ndivyo siku yao ilivyo: sala, kazi, sala tena, tangu alfajiri. Nikasikia zaburi zikiimbwa kwa Kiswahili.

Zaburi hizo zilinikumbusha Wabenedikto wengine wa milimani: Uswisi kuna mji wa Engelberg, uliozaliwa kuzunguka monasteri ya Wabenedikto ya mwaka 1120, chini ya mlima Titlis wenye zaidi ya mita 3,200. Majira ya baridi watu hufurika huko kuteleza juu ya theluji. Usambara hakuna theluji, ila watoto hawakungoja iwepo. Nikiwa njiani kwenda Lushoto niliwakuta kwenye mteremko wa nyasi zilizolowa umande, kila mmoja amekalia ganda la mgomba, wanashuka kwa kasi huku wakipiga kelele, halafu wanapanda tena mbio. Nilimkumbuka Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji wa mita 800 aliyekwenda Nagano mwaka 1998 kushindana kilomita 10 za kuteleza kwenye theluji. Alimaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri mstarini amkumbatie. Miguu ya aina hiyo iko hapa, kwenye nyasi hizi.

Lushoto nilipita haraka: soko, kabichi na karoti zikipakiwa kwenye malori ya Dar es Salaam, ukungu ukishuka kutoka msitu wa Magamba. Watalii wenye mabegi mgongoni walikuwa wakiulizia njia ya Irente. Mwongozaji wao, kijana wa Kisambaa, aliniuliza kama mimi pia natafuta kiongozi. Nilimwambia ndiyo. Alishangaa kidogo, kisha akanitajia bei ya Mtanzania, tukaanza kupanda, naye akinionyesha mti kwa mti: huu wa dawa ya kifua, ule wa mihimili ya nyumba, na ule usiokatwa kwa sababu chini yake kuna chemchemi.