Nondo katika parsele yetu

Kila juma ninawaletea habari za bei ya makala, za maji na za barabara. Leo naomba niwape habari za wadudu wanaokuja usiku nyumbani kwetu.

Hapa Goma giza linaingia upesi, yapata saa kumi na mbili na nusu. Parsele yetu nusu yake ni mawe meusi ya volkano ya mwaka 2002. Hapo ninafunga shuka nyeupe kwenye kamba ya nguo na kutundika taa ya sola mbele yake. Tunakaa karibu na mlango kwa muda wa saa moja, kisha tunazima. Usiku mzuri ni ule usio na mwezi wala upepo, mvua ikiwa imeshakatika.

Wanakuja nondo, yaani vipepeo wa usiku. Wako wa rangi ya majani makavu, wako weupe kama unga wa muhogo. Mara chache anakuja mmoja mkubwa kama kiganja, mwenye alama za macho kwenye mabawa. Huyo hali chochote. Alikula alipokuwa kiwavi. Sasa amebakiwa na siku chache tu za kutafuta mwenzake na kutaga mayai.

Tunaishi na familia iliyokimbia kutoka Masisi. Mwanzoni watoto wao hawakutaka kutoka nje, kwa sababu mwanga wa ghafla usiku waliujua kwa mambo mengine. Siku moja mdogo wao akaniuliza: «Papa, mbona wanazunguka taa hivyo? Wanaipenda?»

Swali hilo watu wamejiuliza tangu zamani. Mwaka 2024 watafiti waliowapiga picha wadudu kwa kamera za kasi walitoa maelezo yao. Mdudu anaporuka usiku huelekeza mgongo wake upande wenye mwanga zaidi, maana kwa kawaida upande huo ndio mbingu. Akikuta taa, anaigeuzia mgongo, anazunguka na kuzunguka, na kutoka anashindwa.

Mtoto akasema: «Basi wamepotea njia. Tuzime, waende kwao.» Tukazima. Tangu usiku ule kazi ya kuzima taa ni yake, na hakuna anayemnyang'anya.

Mama yao hakuwa na haja na mambo haya. Usiku mmoja nilimwita nikamwonyesha nondo mdogo wa kijivu, mwenye doa jeupe karibu na ncha ya bawa. Nikamwambia: «Mama, huyu anafanana na mzazi wa kiwavi jeshi.» Akainama, akamtazama kwa muda mrefu. Kiwavi anamjua vizuri, kwani alimharibia mahindi misimu miwili. Mzazi wake hakuwahi kumwona, kwa sababu hutembea usiku, wakati mkulima amelala.

Kwa hiyo niliyomwambia yeye nawaambia na ninyi, hasa mnaotazamia kurudi kulima. Mdudu huyu asili yake ni Amerika, na Afrika alionekana mara ya kwanza mwaka 2016. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Anayaweka kwenye majani kwa mafungu ya 100 hadi 200, yamefunikwa na kitu kama pamba. Kukiwa na joto, yanaanguliwa baada ya siku mbili au tatu. Kiwavi akishakua anajificha ndani kabisa ya moyo wa muhindi, na huko hata dawa haimfikii vizuri.

Ndiyo maana kazi ni ya mapema. Mahindi yakichipuka, pita shambani mara mbili kwa juma, geuza majani, ponda mayai na viwavi wadogo kwa vidole. Kazi hiyo haihitaji pesa, na watoto wenye macho makali wanaiweza kuliko sisi.

Mama anataka kupanda mwezi wa Septemba, njia ikiwa na amani. Mbegu hajapata bado. Jana mangaribi nilimsikia akiwauliza watoto wake: «Mayai yanakaa wapi?» Nao wakamjibu kwa pamoja: «Kwenye majani, mama, chini ya pamba!»