Upepo wa Lackawanna

Kusini ya mji wa Buffalo, katika jimbo la New York nchini Marekani, iko pwani ya ziwa iliyofanywa na mikono ya watu. Kwa miaka mingi mabehewa yalitoka katika matanuri ya chuma yamebeba taka zingali za moto, yakazimwaga ukingoni mwa Ziwa Erie, na nchi kavu ikazidi kusogea majini mwaka hata mwaka. Taka hizo kwa Kiswahili huitwa mavi ya chuma. Wasomaji watuwie radhi, lakini ndilo jina lake, nasi hatuna jingine lililo bora. Juu ya ardhi hiyo leo imesimama mitambo 14 ya kuzalisha umeme kwa upepo, myeupe, kila mmoja ukiwa na mapanga matatu, na ncha ya panga likiwa wima hupita mita 120 kutoka ardhini.

Mahali hapo panaitwa Lackawanna. Sisi tulifika huko kwa sababu nyingine kabisa, kumzuru jamaa yetu aliyehamia Buffalo, naye akatupeleka kuswali Ijumaa katika msikiti wa mtaa ule ambao wenyeji huuita Wadi ya Kwanza. Tulitazamia kukuta watu wachache na chumba cha kukodi. Tulikuta jamaa kubwa ya Wayemeni, wazee kwa vijana, na maduka yenye maandishi ya Kiarabu, na harufu ya mkate wa tanuri. Kiarabu chetu cha vitabuni kiliwachekesha watoto, kwa maana wao husema kile cha milimani kwa babu zao. Lakini tulipotaja Mombasa na Lamu, wazee walituuliza habari za koo za Hadhramaut kana kwamba zinakaa mtaa wa pili. Wasomaji wengi wa gazeti hili wana babu aliyeteremka jahazini kwa pepo za kaskazi akaja kwetu. Hawa babu zao walipanda meli wakaelekea magharibi, na kilichowavuta ni chuma.

Kampuni ya chuma ya Lackawanna ilihamia hapo kutoka Scranton, Pennsylvania, mwanzoni mwa karne iliyopita, na mji ukachukua jina lake. Mwaka 1922 Bethlehem Steel iliinunua. Katika siku zake za nguvu kiwanda kiliajiri watu wapatao 20,000, nacho kilikuwa miongoni mwa viwanda vikubwa vya chuma duniani. Wayemeni walianza kufika kabla ya Vita Vikuu vya Pili, wakaongezeka baadaye. Wengi wao walikuja peke yao, wakalala wengi katika nyumba moja, wakapeleka pesa kwao. Wake na watoto walifuata baada ya miaka mingi, hasa sheria ya uhamiaji ilipobadilishwa mwaka 1965. Kazi walizopewa, wao pamoja na Wamarekani weusi, mara nyingi zilikuwa zile zenye joto na moshi mwingi, kama za majiko ya kuokea makaa ya mawe.

Hapo ndipo habari ya upepo inapoanza, nasi tunawaomba akina mama watusikilize vizuri, kwa kuwa wao wataielewa upesi kuliko waume zao. Kiwanda kilikuwa kati ya ziwa na nyumba. Upepo wa Ziwa Erie huvuma zaidi kutoka magharibi na kusini-magharibi, ukivuka maji mapana yasiyo na kizuizi. Ndio huo unaoiletea Buffalo theluji yake mashuhuri. Basi kila ulipovuma, ulichukua moshi na vumbi la matanuri ukaviweka mlangoni kwa wafanyakazi. Mama mmoja mkongwe, aliyekuja bibi arusi kutoka Yemen, alitusimulia kwamba katika miaka yake ya kwanza hakuanika nguo kabla ya kutazama moshi umeelekea wapi. Siku nyingine shuka zilirudi ndani na wekundu juu yake, zikafuliwa upya. Tulimwuliza kama hawakulalamika. Akajibu kwamba moshi ulipoonekana, mume alikuwa kazini. Na moshi ulipokosekana, kulikuwa na jambo la kuogopa zaidi.

Jambo hilo lilikuja. Mwaka 1983 matanuri ya chuma yalizimwa. Majiko ya makaa yaliendelea hadi 2001, na mwaka huo huo Bethlehem Steel ikatangaza kufilisika. Mwaka 2003 wastaafu na wajane wao walikatiwa bima ya matibabu waliyoahidiwa, watu ambao vifua vyao vilikuwa vimevuta hewa ile miaka thelathini au arubaini. Wayemeni wengi waligeukia biashara ya maduka madogo ya pembeni mwa barabara, ambayo hata leo wanayo mengi mjini Buffalo. Kiwanda kikabaki ua mrefu wa kutu, na udongo usiofaa nyumba wala shamba.

Wapo waliouliza: ardhi iliyoharibika hivi inaweza kufanya nini? Jibu lilipatikana katika vile vitu vilivyoachwa. Upepo upo. Barabara nzito za kiwanda zipo. Nyaya kubwa za umeme, zilizovutwa zamani kwa ajili ya kiwanda, zipo karibu. Na hakuna mkulima wala mfugaji wa kuondolewa. Mwaka 2007 mitambo minane ya kwanza ilianza kazi juu ya kilima cha taka, kila mmoja ukiwa na uwezo wa megawati 2.5, mwaka 2012 ikaongezwa sita, jumla ikawa megawati 35. Wakauita mradi huo Steel Winds, yaani Pepo za Chuma.

Mwanzo wake haukuwa mwepesi. Mitambo ile ilikuwa ya aina mpya, na miezi michache tu baada ya kusimikwa meno ya giaboksi zake yalionekana kuwa na kasoro. Ilibidi ishushwe kwa winchi kubwa, itengenezwe na kupandishwa tena, na kwa muda watu waliokuwa wamesherehekea wakatazama mapanga yasiyozunguka. Baadaye ilizunguka, nayo inazunguka. Tulisimama barabarani, upande wa pili wa uzio, tukasikiliza. Sauti yake ni kama ya mtu anayepepeta mchele polepole, na magari yakipita huisikii kabisa.

Hata hivyo hatutawapamba wenye mradi kuliko wanavyostahili. Mitambo 14 haihitaji watu 20,000, wala 200. Mafundi wachache huitazama, na umeme huondoka kwa waya kwenda katika gridi. Mama yule halipi bili pungufu kwa sababu panga linazunguka mbele ya dirisha lake. Na ardhi chini ya mitambo haikutakasika kwa kuwekewa kitu cheupe juu yake. Kazi ya kusafisha sumu za kiwanda imekuwa ya miaka mingi, sehemu kwa sehemu. Mnamo Novemba 2016 jengo moja kubwa la zamani lilishika moto, na watu wa karibu wakahamishwa kwa ajili ya moshi. Upepo ni ule ule, na njia yake ni ile ile.

Kwetu Kenya tumezoea kutafuta upepo mahali pa wazi. Kule Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, iko mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310, na wafugaji wamekuwa mahakamani wakidai kwamba ardhi yao ilichukuliwa isivyo halali. Kule Kinangop mradi mwingine wa upepo ulivunjika mwaka 2016 kwa sababu wenyeji waliukataa. Watu wa Lamu wanakumbuka jinsi walivyopinga mtambo wa makaa ya mawe hadi leseni yake ikafutwa mwaka 2019. Hatusemi Mombasa ijenge mitambo ya upepo Changamwe, penye ndege na uwanja wake. Hilo ni la wahandisi. Lakini viwanda vilivyokufa tunavyo. Pale Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa mwaka 2014, na kesi ya wakazi waliodhurika kwa risasi ilianzia mahakama ya Mombasa ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Mabishano yamekuwa juu ya fidia, na ni haki yawe hivyo, maana kuna watoto wagonjwa. Ila udongo wenyewe ungali pale, na mama anafagia ua wake juu yake kila asubuhi. Ni nani atausafisha, na baada ya kusafishwa utafanywa nini, na wenyeji wataulizwa kwanza au mwisho? Lackawanna walichukua zaidi ya miaka ishirini kutoka tanuri la mwisho la chuma hadi panga la kwanza, wakiwa na serikali tajiri nyuma yao.

Kabla ya kuondoka tulimwomba kijana mmoja wa msikitini atupeleke tuguse maji ya ziwa. Alicheka. Amezaliwa mtaa ule, na ziwa liko mwendo mfupi kwa miguu, lakini sehemu kubwa ya pwani ile ingali nyuma ya ua wa viwanda tangu siku za babu yake. Ilimbidi atuchukue kwa gari hadi mji mwingine, zaidi ya robo saa, ndipo tukafika penye ufuo wa wazi. Maji yalikuwa baridi mno, nasi tukatia vidole tu. Kutoka pale mitambo ilionekana yote, tukaihesabu: kumi na nne, na miwili ilikuwa imesimama.