Neno Zito na Gunia la Pamba

Binti yetu alirejea nyumbani Bunda mwezi wa Disemba, likizo ya kidato cha tano, akiwa na kijitabu chembamba na daftari lililojaa maneno ya Kiingereza. Kijitabu kile ni insha ya Mwalimu Nyerere juu ya elimu ya kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha. Daftari lilikuwa na maneno zaidi ya 200, kila moja na tafsiri yake pembeni. Yote aliyakariri. Insha yenyewe hakuielewa.

Usiku wa pili alitwambia kuwa anataka kuuacha mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza. Darasani alisimamishwa aeleze aya moja kwa maneno yake, akashindwa, wenzake wakamcheka. Sisi wazazi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulimjibu kwamba ni uvivu. Tuliyasema hayo hali hatujafungua hata ukurasa mmoja wa kitabu kile. Na mmoja wetu, baba wa nyumba hii, masomo yake yaliishia darasa la saba.

Asubuhi tulimtaka radhi, tukaketi naye. Tulipomtazama akisoma, tuliona kosa lilipo. Kila alipokutana na neno geni alisimama, akafungua kamusi, akaandika maana ya kwanza aliyoikuta. Alipofika mwisho wa sentensi, mwanzo wake ulikwisha kumtoka. Tukamtaka aisome aya nzima bila kamusi, kisha atueleze kwa Kiswahili alichokipata, hata kikiwa kidogo. Kati ya maneno kumi na mawili asiyoyajua, matatu tu ndiyo yaliyoziba njia.

Moja lilikuwa "inculcate". Kamusi yake ndogo ilisema ni kufundisha. Lakini kama ni kufundisha tu, mbona mwandishi hakutumia neno jepesi? Tukaazima kamusi kubwa kwa jirani, mwalimu mstaafu. Ikatueleza kuwa asili yake ni Kilatini, kutoka jina la kisigino: kukandamiza kitu ndani kwa kukikanyaga. Hapo baba akacheka kwa sauti. Nani katika Bunda asiyejua kushindilia pamba guniani kwa miguu, mtoto akitumbukizwa humo akanyage mpaka gunia lijae? Na aya ile ilikuwa ikizungumzia elimu ya mkoloni, iliyokusudia kuwatia vijana maadili ya utawala wake. Binti akaisoma upya, safari hii bila kusimama.

Mama, ambaye husomesha watoto madrasa, akamkumbusha: kitabu, katibu na maktaba si vimetoka shina moja? Basi na Kiingereza atafute mashina. Tena mengine ni jamaa zetu. "Decipher", kufumbua maandishi yaliyofichika, chimbuko lake ni sifr ya Kiarabu, ile ile iliyotupa sisi sifuri. "Tariff", orodha ya ushuru, ni ndugu wa taarifa. Safari wameichukua kwetu kama ilivyo. Tangu siku hiyo aliandika maneno machache tu kwa siku, kila moja ndani ya sentensi aliyoitunga mwenyewe.

Mwandishi wa insha hiyo ni mzaliwa wa Butiama, majirani zetu. Mwaka 1934 alianza shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa mtoto wa Kizanaki. Baadaye ndiye aliyemfasiri Shakespeare kwa Kiswahili. Hatumtaji kwa kumpamba. Twamtaja kwa sababu binti yetu alidhani watu wa namna hiyo huzaliwa na Kiingereza kinywani.

Siku ya sita tulifika pale insha inaposema kwamba elimu ya msingi iwe kamili kwa nafsi yake, isiwe tu maandalizi ya wale wachache watakaokwenda sekondari, kwa kuwa walio wengi huishia hapo. Binti alifasiri polepole, akanyamaza, akamtazama baba yake. Baba akamwambia arudie.

Alirudia mara tatu. Mara ya tatu baba alimsahihisha neno moja la Kiswahili. Kurasa zimebaki nyingi, na basi la kurudi shule ni Jumamosi.