Mumeo Akiitwa Usiku wa Manane

Wengi wetu tukisikia zimamoto tunawaza nyumba inayowaka na mtu anayeokolewa dirishani. Mdogo wangu naye aliwaza hivyo hivyo alipoolewa Pennsylvania, Marekani, na mwanaume mwenye kazi yake ya mchana ambaye pia ni mzimamoto wa kujitolea. Halipwi mshahara. Peja ya kiunoni ikilia, anaacha ubwabwa mezani na kuondoka.

Kule si jambo geni. Benjamin Franklin alianzisha kikosi cha kujitolea mjini Philadelphia mwaka 1736, na hadi leo wazimamoto wengi wa Marekani ni wa kujitolea.

Mwaka wa kwanza ndoa ilitikisika. "Dada, kila akitoka najiona mjane," aliniambia kwenye simu. Alikuwa tayari kumwambia mumewe achague: peja au ndoa. Nikamwomba kwanza ajue mwenzake anaitiwa nini. Shemeji akakubali kuandika kila wito kwenye karatasi mlangoni mwa friji, bila majina ya watu.

Mwezi ulipoisha wakaisoma pamoja. Ajali za magari. Bibi kaanguka bafuni, hawezi kunyanyuka. Mzee kabanwa na kifua. Nyaya za umeme zimeanguka baada ya dhoruba. King'ora cha moshi kimelia, kumbe mkate umeungua. Harufu ya gesi. Kaboni monoksaidi, ile hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Moto wa nyumba? Mmoja tu.

Ndivyo ilivyo nchi nzima: katika kila miito 100 ya zimamoto Marekani, ya moto haifiki 5. Zaidi ya nusu ni ya wagonjwa na majeruhi.

Hofu haikuisha, maana moto mmoja unatosha. Ila sasa waliongea kikubwa. Mtoto akiumwa, baba haendi, wenzake wataenda. Akimaliza kazi, anatuma ujumbe kabla hajaanza safari ya kurudi.

Mpenzi msomaji, mwenzako huenda si mzimamoto. Pengine ni daktari, au ndiye yule ambaye ukoo mzima humpigia kukiwa na msiba. Kabla hujasema "mimi au wao", uliza anaitiwa nini hasa.

Na mkiwa kwenye mazungumzo hayo, kubalianeni na haya mawili: jiko la mkaa halilali chumbani, na 114, namba ya zimamoto Tanzania, iwe kwenye simu zenu wote.