Safari ya Iringa na Namba Ndogo ya Kwenye Dashibodi

Akina mama wenzangu, kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni mwendo wa kilomita 500 hivi, na anayekwenda kwa mara ya kwanza huambiwa aangalie wanyama wa Mikumi, mibuyu ya Ruaha na kona za Kitonga. Vyote hivyo tuliviona. Lakini mimi nitawaeleza habari za kitu kidogo kilichokaa mbele ya dereva njia nzima: namba inayoonyesha gari linakwenda kilomita ngapi kwa lita moja ya mafuta.

Mwezi Julai mwaka jana tulisafiri sita wa kikundi chetu kwenda kumhani mwenzetu aliyefiwa na mama yake. Tulikodi gari la watu wanane, la petroli, mojawapo ya yale yanayoletwa yakiwa yametumika Japani. Maandishi ya kwenye dashibodi yalikuwa ya Kijapani, hakuna aliyeyajua, lakini tarakimu ni tarakimu. Makubaliano yalikuwa kwamba mafuta tunanunua wenyewe, na fedha itakayobaki katika mfuko wa safari inaingia kwenye rambirambi. Kwa hiyo kila lita ilikuwa na maana kwetu.

Kijana aliyetuendesha alijaza tangi, kisha akabonyeza kitufe kufuta hesabu ya zamani. Gari huonyesha namba mbili. Moja ni ya papo hapo, nayo hurukaruka kila dereva anapokanyaga au kuachia mafuta. Nyingine ni wastani tangu kitufe kilipobonyezwa mara ya mwisho. Usipokifuta, unaweza kuwa unasoma safari za mtu mwingine za miezi mingi. Sisi wauguzi jambo hili tunalijua wodini: mapigo ya moyo ya mtu aliyetoka kupanda ngazi sasa hivi hayakuambii mengi, ila chati ya siku tatu inakuambia.

Njia ya kwenda Chalinze ina malori mengi. Kila tulipolipita moja, namba ya papo hapo ilishuka mpaka nne.

"Mwanangu, mbona inashuka hivyo?" aliuliza mama mmoja kutoka kiti cha nyuma.

"Mama, nimekanyaga tulipite hili lori. Itarudi."

Nilikuwa nimekaa mbele, nikamwomba kijana yule asiitazame kabisa anapolipita gari, mimi nitamsomea. Kulipita lori kunataka macho yote mawili barabarani, na majeruhi wa barabara hii nimewahudumia wengi. Namba ile inaweza kungoja.

Baada ya Morogoro barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50. Hapo mwendo umewekewa mpaka, na kuna vibao vinavyotaja faini ya kumgonga kila mnyama. Hakuna anayekimbia. Tuliona swala, nyati kwa mbali, na twiga wawili waliosimama kama wanaotuhesabu. Ajabu yake ni kwamba sehemu hiyo ya polepole ndiyo iliyotupandishia wastani. Upepo unaolipinga gari huongezeka upesi kuliko mwendo wenyewe: ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya upepo inakuwa mara nne. Tulipofika Mikumi mjini wastani ulisoma 10.3, tukaongeza lita 20 na kunywa chai.

Kutoka hapo unafuata Mto Ruaha Mkuu, mibuyu pande zote, hadi Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu. Halafu Kitonga. Malori yanapanda mwendo wa mtu anayetembea, moshi mweusi, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Namba ya papo hapo ilikaa kwenye tatu na haikutoka. Wastani nao ukaanza kuteremka, na ulipotua tulikuwa tumefika Ipogolo, chini ya mji wa Iringa: 9.6. Mji huo uko juu ya bahari kwa mita 1,500 na zaidi. Kulinyanyua gari la tani mbili hadi huko kunakula kama lita tatu zaidi ya zile za kwenda tambarare, hata dereva awe mwangalifu namna gani.

Pale Ipogolo tulijaza tena hadi pampu ikajikata: lita 34.6. Mhazini wetu akatoa daftari. Kilomita 502 kugawa kwa 9.6 ni lita 52.3, lakini tulikuwa tumelipia 54.6. Lita mbili na zaidi zimekwenda wapi? Akamtazama kijana. Kijana akainamisha kichwa, na ndani ya gari pakawa kimya.

Mimi nilishuka kila tuliposimama na pampu niliiona kwa macho yangu, nikasema hivyo. Kisha tukaeleweshana. Gari halipimi mafuta kama pampu inavyopima. Linakadiria kwa kuhesabu muda ambao nozeli za injini zimefunguka, na kilomita linazipata kwa mizunguko ya magurudumu. Magari mengi hujisifu kidogo. Kwa hesabu ya pampu letu lilikwenda 9.2, tofauti ya asilimia nne hivi. Mhazini ni mama wa haki. Alimwomba kijana radhi mbele yetu sote.

Namba hii ina mtego mwingine. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, Richard Larrick na Jack Soll, walionyesha kwamba umbali kwa kipimo cha mafuta huwapotosha watu. Piga hesabu ya kilomita 500. Gari linalotoka kilomita 6 kwa lita hadi 8 limeokoa karibu lita 21. Linalotoka 12 hadi 14 limeokoa 6 tu, ingawa yote yamepanda mbili. Ulaya huandika lita kwa kila kilomita 100, na hiyo kwa mama anayepanga bajeti ni rahisi zaidi.

Siku ya kurudi tuliteremka Kitonga kwa gia ndogo, mguu nje ya mafuta, na namba ya papo hapo ikapanda hadi mwisho. Injini yenyewe huwa imekata petroli wakati huo. Wapo madereva wanaoweka nyutro mteremkoni wakidhani wanaokoa. Kumbe injini inaendelea kunywa ili isizimike, na breki zinabeba uzito wote peke yake. Mwambie mumeo.

Kibaha wastani ulikuwa 10.6. Foleni ya kuingia mjini ikaushusha hadi 10.1. Mhazini akapunguza ile asilimia nne, akaandika daftarini kwamba tutalipia lita 52 au pungufu kidogo, akamwonyesha kijana. Pampu ilijikata kwenye 51.8.